Mdhamini Aliyesema Kweli

Shija alileta wasifu wake steshenari ukiwa na kurasa tano, na Klementina aliposoma ukurasa wa kwanza alicheka mpaka akaegemea mashine ya fotokopi.

"Unacheka nini?" Shija akauliza.

"Umeandika kwamba darasa la sita ulikuwa kiranja wa usafi."

"Nilikuwa kweli."

"Sikatai. Lakini hawa wanatafuta mtu wa kutengeneza programu za kompyuta. Hawatafuti msimamizi wa vyoo vya shule ya msingi."

"Uongozi ni uongozi, mama. Na vile vyoo vilikuwa na wakorofi wake."

Klementina alizidi kucheka, kisha akakifuta kile cheo bila huruma. Nje upepo wa Sumbawanga ulikuwa ukivuma kama kawaida yake ya miezi ya baridi, ukisukuma vumbi kutoka stendi hadi mlangoni. Shija alikuwa amepanda mlima kutoka Muze alfajiri, amevaa shati jepesi la watu wa bondeni, na midomo yake ilikuwa imepauka. Alivuta kiti karibu na Klementina kuliko ilivyohitajika ili kuona kioo cha kompyuta. Klementina hakusogea.

Walikuwa wamesoma pamoja chuoni Mbeya, darasa moja, somo moja la kompyuta. Tangu wamalize, Klementina alipata kibarua cha kuchapa barua na kudurufu vyeti katika steshenari ya dada Redempta, na Shija alirudi bondeni kwa baba yake, mzee Limbu, kuchunga ng'ombe. Kila tangazo la kazi lilipotoka waliomba, na kila walipoomba palikuwa kimya. Ndiyo sababu safari hii Klementina alikuwa ameamua kuuandika wasifu wa Shija upya, mstari kwa mstari, kwa mikono yake mwenyewe.

"Sikiliza," alisema. "Anayesoma CV hizi ana rundo mezani. Anakutazama kama mtu anayepita sokoni akitazama nyanya. Ukiweka zilizooza juu, hatafunua kuona za chini."

"Wauzaji wa hapa wanaweka nzuri juu na mbovu chini."

"Sisi mbovu tunazitupa kabisa. Hapa umeandika kwamba una ujuzi wa kutosha wa kompyuta. Kila mtu anaandika hivyo, hata wanaokuja hapa kuniomba niwawashie simu. Sema umefanya nini, umemfanyia nani, na baada ya hapo kilibadilika nini."

Shija alifikiri. "Niliutengenezea ushirika wa wakulima mfumo wa kupokea mazao."

"Kilibadilika nini?"

"Foleni iliisha. Watu wakaacha kushikana mashati kwenye mizani."

"Hilo ndilo tutakaloweka juu kabisa." Akachapa kwa kasi, akasimama. "Kabila tunatoa. Dini tunatoa. Kupenda kutazama mpira tunatoa. Hali ya ndoa…"

Vidole vyake vilisita. Kwenye kioo palikuwa na neno moja, hajaoa.

"Hilo liache kidogo," Shija akasema kwa sauti ya chini.

"Halimsaidii mwajiri."

"Linanisaidia mimi. Nikilitazama napata hasira ya kutafuta kazi."

Klementina alimtazama. Macho ya Shija yalikuwa mekundu kwa usingizi wa safari, lakini ndani yake palikuwa na kile alichokipenda tangu Mbeya, utulivu wa mtu anayeweza kukaa na tatizo siku nzima bila kulitukana. Alilifuta lile neno taratibu.

Wote wawili walijua kilichokuwa kinasubiriwa. Miezi michache nyuma mshenga wa Shija, mzee Zenon, alikuwa amepeleka barua ya posa Kaengesa, kwa mzee Leonardi, baba yake Klementina, mwenyekiti wa ushirika huohuo wa wakulima. Mzee Leonardi hakuikataa barua, wala hakuifungua. Aliiweka juu ya kabati akasema, "Nasikia kwao wana ng'ombe wengi. Ng'ombe wana miguu, Zenon. Leo wako Muze, malisho yakiisha wako Katavi. Mwenye ng'ombe yuko nyuma yao na fimbo, na mke yuko nyuma ya mwenye ng'ombe na mtoto mgongoni. Mimi mwanangu nimemsomesha. Kijana apate kazi ya mshahara, nami nitaifungua barua hii. Ulezi ukiisha kuvunwa hajapata, njoo uichukue."

Sasa ulezi ulikuwa unavunwa.

"Tuandike jinsi tulivyoutengeneza ule mfumo wa ushirika," Shija alisema. "Mimi nilijenga kanzidata na sehemu ya mizani. Klementina Leonardi alitengeneza sehemu ya simu, ile inayomtumia mkulima ujumbe wa uzito wa mazao yake. Andika hivyo."

Klementina aliandika. Akasoma tangazo la kazi tena, kampuni moja ya Dodoma, nafasi moja. Halafu akarudi kwenye mstari ule na kulifuta jina lake.

"Unafanya nini?"

"Wanataka mtu anayeweza kuubeba mfumo mzima peke yake. Wameandika hapa. Ukisema ulifanya nusu, watamchukua aliyefanya wote."

"Lakini nilifanya nusu."

"Sehemu ya simu unaijua. Ulinikosoa usiku na mchana. Ukiambiwa uitengeneze kesho utaitengeneza."

"Kuweza ni jambo moja. Kufanya ni jingine."

"Shija." Alimgeukia. "Unanitaka mimi, au unataka jina langu libaki kwenye karatasi?"

Shija alikitazama kioo muda mrefu, mahali palipokuwa na jina na sasa hapana. Mwishowe akavuta pumzi. "Na mdhamini? Wanataka mtu anayeutumia mfumo wenyewe. Ni mwenyekiti."

"Ni baba."

"Ni baba yako, ndiyo."

Walitazamana, na safari hii hakuna aliyecheka. Kwa desturi waliyoishika wazee wa pande zote mbili, tangu siku posa ilipoingia katika nyumba ile Shija hakuwa tena na ruhusa ya kuzungumza na mzee Leonardi. Wakikutana njiani alikaa pembeni, akainamisha kichwa, mzee akapita. Neno lolote lilipita kwa mshenga. Kumfuata baba wa mchumba na kumwomba akusemee kazini lilikuwa jambo la kufikishwa kwenye kikao cha wazee.

"Mdhamini huwa anaambiwa kabla," Klementina alisema. "Anaelezwa kilichoandikwa, ili akipigiwa asishtuke."

"Nimtume mzee Zenon? Atafika pale aseme nimeomba kudhaminiwa mkopo."

"Nitamwambia mimi."

"Binti anamsemea mchumba wake kwa baba? Atakuuliza nani kakufundisha hayo. Halafu utamwambia nini, kwamba umejifuta?"

Klementina aliandika jina la baba yake, cheo chake, na namba yake ya simu. Wasifu ulikuwa umebaki ukurasa mmoja, safi, mzuri, ukisomeka kama maisha ya mtu asiyewahi kukwama popote. Wakautuma.

*

Simu ililia Jumamosi, Klementina akiwa nyumbani Kaengesa kumsaidia mama yake, Avelina, kupepeta ulezi. Mzee Leonardi alikuwa amekaa juani kwenye kigoda, amejifunika koti lake la misa. Kwa kuwa sikio lake moja lilikuwa zito, simu yake siku zote aliiweka kwa sauti ya nje, na yeyote aliyekuwa uani alisikia habari zake zote.

"Shikamoo mzee. Naongea na mzee Leonardi, mwenyekiti wa ushirika?"

"Marahaba, mama. Ndiye."

"Napiga kutoka Dodoma, ofisi ya ajira. Kuna kijana anaitwa Shija Limbu, ameomba kazi kwetu. Amekuandika wewe kuwa mdhamini wake. Unamfahamu?"

Ungo ulisimama mikononi mwa Avelina. Mzee Leonardi alimtazama binti yake, kisha akatazama mbali, kuelekea mashambani, kwa muda ambao Klementina aliuona mrefu kama kwaresima.

"Ninamfahamu," alisema hatimaye. "Nimeulizwa, na nikiulizwa nasema. Ni kijana mwaminifu. Kipindi chote alichofanya kazi kwenye ghala letu haikupotea hata punje ya mtu."

Klementina alijua baba yake hamsifu mtu kwa urahisi. Hata mapadri aliwasifu kwa kupima.

"Na huo mfumo unafanya kazi vizuri?"

"Vizuri mno. Zamani msimu ukianza mimi nilikuwa mpatanishi, siyo mwenyekiti. Sasa mkulima anapima, simu inalia mfukoni mwake palepale, anaona kilo zake, anakwenda nyumbani. Nani atagombana na simu yake mwenyewe?"

Yule dada wa Dodoma alicheka kidogo. "Basi hongera kwake, maana anasema mfumo wote aliutengeneza peke yake, pamoja na hiyo sehemu ya simu."

Klementina alisimama. Ulezi ulimwagika kutoka kwenye ungo wake. Alimtazama baba yake, akatikisa kichwa, akainua mkono kumzuia, akatikisa tena.

Mzee Leonardi aliuona ule mkono. Uso wake ulilainika, akatabasamu. Alikuwa amewalea watoto wake wasijitape mbele za watu, na sasa alimwona huyu binti akikimbia sifa zake mwenyewe.

"Hapana, hapo hamkuelewana," alisema. "Kijana mwenye adabu kama yule hawezi kusema hivyo. Hiyo ya simu ni kazi ya mwanangu, Klementina. Yuko hapa mbele yangu, ananipungia mkono nisimtaje. Ndivyo alivyo. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chai mezani akiitengeneza. Nimemsomesha mwenyewe, mama, siyo wa kubahatisha."

Sauti ya yule dada ilibadilika.

"Mzee, una uhakika?"

"Muulize mkulima yeyote wa hapa."

"Nashukuru sana. Huyo binti ana namba ya simu?"

Mzee Leonardi aliitaja namba bila kuitafuta, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani. Simu ilipokatika alimgeukia mkewe. "Mama Klementina, umesikia? Dodoma wanamuulizia." Kisha kwa binti yake, taratibu, kama mtu anayetoa zawadi aliyoificha muda mrefu, "Na yule kijana nimemsemea vizuri, au siyo? Akiipata hiyo kazi, mwambie… hapana, usimwambie wewe. Zenon aje tu. Nitaifungua ile barua."

Klementina alikaa chini palepale, juu ya ulezi uliomwagika.

"Baba, hataipata."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kweli aliandika kwamba aliutengeneza peke yake."

Mzee Leonardi alikunja uso. "Nani alimwambia aandike hivyo?"

"Mimi. Tena hakuandika yeye. Niliandika mimi, kwa mikono yangu. Jina langu nililitoa mwenyewe ili yeye apate kazi, na wewe uridhike."

"Alisoma kabla haijaenda?"

"Alisoma."

"Aliona jina lako halimo?"

"Alikataa kwanza, baba. Alinikatalia kabisa."

"Nimekuuliza kama aliona."

"Aliona."

"Kisha ikaenda."

"Ikaenda."

Avelina alijaribu. "Baba Klementina, hawa ni vijana. Wamefanya kwa kupendana."

"Sijasema hawapendani." Mzee aliiweka simu yake mfukoni na kuufunga mfuko kwa kifungo. Hasira haikuwepo usoni mwake. Klementina angeona afadhali ingekuwepo. "Umaskini wake ningeuvumilia. Ng'ombe wake pia ningewavumilia, kwa kuwa nilishaanza kuchoka kukataa. Lakini mtu amesoma karatasi yenye jasho lako, wewe humo, akaona itafaa hivyo. Leo ni karatasi. Kesho ni shamba, keshokutwa ni nyumba. Utakuwa umo kwa kazi, humo kwa jina. Mimi sikukusomesha kwa ajili hiyo."

"Basi niadhibu mimi. Kosa ni langu."

"Wewe ulitoa, mama. Kutoa siyo kosa. Mimi namtazama aliyepokea."

Akainuka, akatikisa vumbi kwenye koti lake. "Zenon aje kesho baada ya misa. Barua yake iko juu ya kabati, haijaguswa."

*

Jumatatu Shija alifika steshenari kabla dada Redempta hajafungua vizuri. Aliweka simu yake juu ya meza, na Klementina akasoma majibu yaliyotoka Dodoma. Walimshukuru kwa kuomba. Walisikitika kwamba maelezo yake hayakulingana na ya mdhamini wake.

"Na mzee Zenon alifika kwetu jana jioni," Shija alisema. "Alikuja na bahasha yetu. Baba yangu ameipokea kwa mikono miwili, kama rambirambi."

"Nilimweleza baba, Shija. Nilimweleza yote."

"Najua. Zenon amenisimulia maneno ya mzee wako, hakupunguza hata moja." Alikaa kwenye benchi la wateja. "Nilipanda gari nikiwa na hasira naye. Nimefika hapa sina tena. Nimetafuta mahali alipodanganya, nimepakosa."

"Hajui jinsi ulivyonikatalia."

"Nilikataa kwa mdomo. Macho yangu yalikuwa yameshaona ule ukurasa ulivyopendeza."

Klementina alitaka kumgusa mkono, lakini dada Redempta alikuwa amesimama karibu, akijifanya kupanga rimu za karatasi. Na hapo simu ya Klementina ikaita. Namba ilikuwa ngeni. Shija aliitambua.

"Ni wao," alisema. "Pokea."

"Sitaki."

"Pokea, Klementina. Angalau mmoja wetu."

Akapokea. Ilikuwa sauti ileile ya Jumamosi, yenye upole uleule.

"Dada Klementina? Tumezungumza na mzee wako, na tumeufungua ule mfumo tukautazama. Sehemu yako imetupendeza sana. Tungependa kukuita kwenye usaili wiki hii. Kabla ya hapo nithibitishe jambo moja tu. Yule kijana alipoandika kwamba kazi yote ni yake, wewe ulikuwa na habari?"

Shija alikuwa amesogea, sikio lake karibu na simu. Aliposikia swali lile alimtazama Klementina machoni na kutikisa kichwa taratibu. Midomo yake ilitamka bila sauti. Sema hukujua.

Lilikuwa neno jepesi. Klementina aliliona lote, lilivyo na mahali litakapompeleka: Dodoma, meza yake mwenyewe, baba yake akitembea wima kwenda kanisani. Aliona pia mahali litakapomwacha Shija. Kokote ambako jina lake lingefika, lingefika kama jina la mwizi.

"Nilijua," alisema. "Ule wasifu niliuandika mimi. Yeye alinitaja, nikajifuta."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Tulitaka kuoana."

Yule dada alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililouma. "Kama mwanamke nimekuelewa, mdogo wangu. Lakini programu zetu zinashika hesabu za watu. Siwezi kumpelekea mkubwa wangu mtu aliyekiri kwamba aliandika maelezo ya uongo. Pole sana. Umesema kweli, lakini pole."

Simu ikakatika. Shija alikuwa amefunika uso kwa viganja.

"Kwa nini?" aliuliza ndani ya viganja vile. "Nilikuwa nimeshazama. Ulikuwa unamwokoa nani?"

"Sikuwa namwokoa mtu. Nilikuwa nasema tulivyofanya."

"Baba yako atakuuliza."

"Nitamjibu. Yeye anataka nisifutwe. Basi sijafutwa, nimo kwenye uongo wangu mwenyewe."

"Ungekwenda Dodoma. Ningekaa kule bondeni nikijua uko mahali, unakula, unaandika programu zako. Lingenitosha."

"Lisingekutosha."

"Lisingenitosha," Shija akakubali. "Lakini lingekuwepo."

Dada Redempta aliacha rimu zake akatoka nje, akajifanya anatafuta chenji kwa jirani. Walibaki wawili, na hakuna aliyetumia nafasi hiyo. Klementina alimtazama yule mwanamume aliyempenda, mabega yake mapana yaliyokuwa yameinama kama ya mtu anayepita chini ya mlango mfupi, na akajua kwamba hata kama baba yake angelegea leo, Shija asingerudi tena na barua. Tangu jana alikuwa akijiona kwa macho ya mzee Leonardi, na Klementina hakuwa na maneno ya kumtoa huko.

"Baba anahamisha ng'ombe mwezi ujao," Shija alisema. "Malisho ya Muze yamekwisha. Nitakwenda nao."

"Wapi?"

"Watakapoelekea."

"Na simu?"

"Kule mtandao hakuna."

Nje utingo alikuwa akiita abiria wa Muze. Shija alisikia, akainuka nusu.

"Gari lako hilo," Klementina alisema.

"Ndilo."

"Kuna jingine baadaye."

Shija alisimama akiwa ameshika mgongo wa benchi. Kisha akaketi tena. Wateja waliingia, wakadurufu vyeti vyao, wakalipa, wakatoka. Klementina aliwahudumia mmoja mmoja, akiuliza nakala ngapi, na kila alipogeuka alimkuta palepale, mikono magotini, akimtazama. Gari la baadaye lilipopiga honi, Shija aliinuka akaenda kulipanda.